Msitu wa mlimani kwa wanaotokea Dodoma, mbali na watalii: Ukaguru, Kwaraha, Hanang au Kiboriani?

Makulu41
Wakuu, habari za jioni. Tuko wanne, tunatokea Dodoma mjini, tunatafuta msitu wa mlimani wa kutembea siku mbili au tatu. Kilele si lazima. Tunataka uwanda wa juu, miti mikubwa, ukungu, na njia isiyo na msururu wa wapagazi, kwa hiyo Kilimanjaro na Meru hazimo. Tumebaki na Hanang, Kwaraha ya Babati, Ukaguru kupitia Gairo na Kiboriani ya Mpwapwa. Gari hatuna, ni basi. Mwezi ni Julai. Ipi inafaa, na watu hukwama wapi?

Ng'ong'ona
Kwa mahitaji hayo mimi ningeanza kwa kuifuta Hanang. Ni mlima mzuri, mita 3,400 na ushee, ila ni volkano, haina uwanda. Njia ya Jorodom kutoka Katesh inapanda mgongo mmoja mfululizo. Mkanda wa msitu unaumaliza mapema, kisha ni vichaka, nyasi na mawe hadi juu. Unaondoka saa 11 alfajiri, unapanda kwa muda wa saa tano hadi saba, unashuka kwa muda wa saa tatu au nne na magoti yanalalamika. Maji njiani usiyategemee kabisa: lita 4 kwa kila mtu kwa siku moja, na kama mnalala juu, lita 7. Vilele vya uongo (unadhani umefika juu, kumbe bado) viko vingi, ndipo watu hukata tamaa na kumaliza maji kabla ya wakati.

Pia baada ya maporomoko ya tope ya Desemba 3, 2023 yaliyoikumba Katesh na vijiji vya jirani, usifuate ramani ya zamani kwenye makorongo. Uliza ofisi ya misitu njia ipi inatumika.

Bonga_Babati
Mkuu hapo juu kasema kweli, ila usiitupe Hanang kwa mtu ambaye hajawahi kutembea porini. Ukipotea kwenye mgongo, unashuka tu na utakuta shamba au mfugaji.

Kwaraha (wengine huuita Ufiome) una mita 2,415 na unaanzia karibu na mji wa Babati. Basi la Dodoma kwenda Babati linapita Kondoa, lami mwanzo mwisho, kama kilomita 250. Mnalala mjini, mnapanda asubuhi, mnarudi jioni. Chini ni msitu mkavu wenye upupu, hivyo suruali ndefu na mikono mirefu. Juu ni msitu wa ukungu, kijani mwaka mzima, miti imevaa kuvumwani kama ndevu hadi matawini. Anayetaka kupiga picha za mandhari atanuna, maana juu miti imefunga. Usipande bila askari wa msitu: Tarangire haiko mbali na wanyama wakubwa hawasomi mipaka.

Kasoro yake ni udogo. Siku moja umemaliza.

Mkaguru wa Gairo
Mnachokieleza ni Ukaguru, hakuna haja ya kuzunguka. Safu hii ni ya Milima ya Tao la Mashariki, sehemu ya juu kabisa inafika kama mita 2,250, na msitu wa Mamiwa-Kisara unapata unyevu wa Bahari ya Hindi wakati Dodoma yote imekauka. Ndiko alikopatikana yule chura wa mitini, Churamiti maridadi, aliyeandikwa kisayansi mwaka 2002. Watalii ni wa kuhesabu; mtakutana na wakulima wa maharage na viazi kuliko wageni.

Utaratibu ni huu. Basi lolote la Morogoro au Dar linawashusha Gairo, karibu katikati ya Dodoma na Morogoro. Kutoka hapo ni barabara ya vumbi kwenda upande wa Nongwe na Mandege. Msihesabu kilomita, hesabuni saa. Magari ya kupanda huondoka yakijaa, na aliyefika Gairo jioni analala Gairo. Bodaboda zipo, lakini mtu mmoja na begi lake kwa pikipiki moja. Mkibanana wawili na mizigo, kwenye miinuko mtashuka na kusukuma.

Kibali mchukue kwa TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) kabla ya kupanda. Malipo ni kwa kumbukumbu namba, na mtandao juu ni wa kubahatisha, kwa hiyo lipeni mkiwa Gairo na mwende na risiti iliyochapishwa. Kisha mpite kwa mtendaji wa kijiji. Wageni wanne na mabegi makubwa wakionekana msituni bila taarifa, watadhaniwa ni wachimba madini au wapasua mbao.

Chamwino Juu
Naongeza jambo ambalo wengi hawalijui kuhusu uwanda. Watu hudhani kwa kuwa hakuna mwinuko mkali, ni rahisi. Kwa kupotea, uwanda ni mbaya kuliko kilele. Vilima vinafanana, ukungu ukishuka huoni mita 30, na mabonde yanamwaga maji pande tofauti. Ukifuata kijito ukidhani kinakurudisha kijijini, waweza kujikuta unashukia upande wa Kilosa, kwenye makorongo yasiyo na njia. Ramani ya simu nayo chini ya miti minene hukosea mahali ulipo kwa makumi ya mita, na kwenye njia panda hiyo inatosha kukupeleka siko.

Kwa hiyo: pakueni ramani mkiwa mjini, anzeni kurekodi njia kijijini na si msituni, wekeni alama kwenye kila njia panda, na simu ya pili ibaki imezimwa. Njia pana iliyokanyagwa vizuri isiwadanganye. Za wapasua mbao huwa pana, halafu zinaishia kwenye kisiki. Mwongozo wa kijijini ni lazima. Patana naye kwa siku, na useme mapema chakula ni cha nani.

Mama Viazi
Wanangu, nani atapika na wapi? Moto msituni hauruhusiwi. Msilale msituni kabisa. Wekeni kambi kijijini, mtembee siku mbili kwa kuzunguka, kila jioni mnarudi. Mchana mnabeba vitu visivyohitaji moto: viazi vya kuchemsha, mayai, karanga, ndizi. Mizigo inapungua nusu.

Maji ya vijito mtayakuta, ila yatibuni. Vidonge vingi vya dukani ni vya ndoo ya lita 20, kidonge kimoja kwenye chupa ya lita moja ni sumu ya tumbo. Tibuni ndoo jioni, mjaze chupa asubuhi.

Ng'ong'ona
Na baridi. Julai Dodoma yenyewe inawatetemesha watu, juu mita 900 zaidi toa nyuzi tano au sita, ongeza unyevu. Sweta la sufu, si la pamba. Pamba ikilowa haikauki. Buti za mvua zinafaa kwenye tope kuliko raba, ila soksi ziwe ndefu na nzito, vinginevyo kwenye kushuka visigino vinachubuka. Siafu wakiwapanda, msisimame kuwatoa; tokeni kwanza kwenye mstari wao.

Makulu41
Asanteni. Kiboriani hakuna aliyeigusa. Na ratiba ya Ijumaa jioni hadi Jumapili inatosha Ukaguru?

Chamwino Juu
Kiboriani iko karibu, mnapitia Mbande na Kongwa, lakini moto na kilimo vimeula msitu sehemu nyingi. Ni ya kufanyia mazoezi miguu.

Mkaguru wa Gairo
Haitoshi. Jumamosi ofisi imefungwa. Njooni Alhamisi mlale Gairo, Ijumaa asubuhi kibali, mchana mpande, Jumamosi na Jumapili mtembee, Jumatatu alfajiri mshuke na magari ya mazao. Mkiwa na Jumamosi na Jumapili tu, nendeni Kwaraha, lakini askari aombwe siku za kazi kwa simu.