Wazazi wa Kinanda, Soweto Mbeya

Jumatatu

[19:12] Mama Neema: Shikamoo Mwalimu, shikamoo Bibi Tumaini, na wengine habari za jioni. Naomba msaada wenu. Neema ana miaka 6. Akiitwa kwenye kinanda analia, wakati darasani anapiga vizuri tu. Nyumbani tumempangia nusu saa kila siku akitoka shule.

[19:15] Baba Upendo: Nusu saa ni nyingi mno kwa miaka 6. Dakika 10 zinamtosha.

[19:21] Mwalimu: Marahaba Mama Neema. Baba Upendo ameanza penyewe. Mpe dakika 5 asubuhi kabla ya kuvaa sare na 10 jioni. Vipindi vifupi vilivyoachana vinakaa kichwani kuliko kirefu kimoja. Jioni ale kwanza, acheze nje kidogo, ndipo akae. Mtoto aliyetoka shule na njaa utamfundisha kuchukia kinanda bure.

Sasa niambie: ndani ya hiyo nusu saa anapiga nini?

[19:24] Mama Neema: Wimbo wote kuanzia mwanzo. Akikosea namwambia arudie.

[19:25] Mwalimu: Arudie wapi? Pale alipokosea au mwanzo?

[19:25] Mama Neema: Mwanzo.

[19:34] Mwalimu: Machozi yanatoka hapo. Wimbo wake una vipande 8 (kipande ni kile kilicho kati ya mistari miwili ya kusimama). Tuseme kosa liko kipande cha 6. Akirudi mwanzo mara ishirini, kipande cha 1, ambacho tayari anakijua, anakipiga mara ishirini, na cha 6 anakifikia amechoka na anakikosea vilevile. Vidole havijui lipi kosa na lipi sahihi, vinashika kile vinachorudia.

Fanya hivi kesho. Chukua kipande cha 6 peke yake pamoja na nota ya kwanza ya kipande cha 7. Hiyo nota usiisahau, maana mara nyingi kosa liko kwenye kuvuka. Mkono wa kulia tu. Mwendo uwe wa polepole kiasi kwamba hawezi kukosea. Akikosea bado mna haraka. Akipata mara 3 mfululizo, mkono wa kushoto peke yake. Mikono miwili pamoja iwe siku nyingine kabisa.

Wimbo mpya uanzie mwishoni: kipande cha 8, kesho yake 7 na 8, halafu 6 mpaka 8. Kila siku mtoto anatoka asikokujua kuelekea anakokujua, na anamaliza kwa kishindo.

[19:41] Bibi Tumaini: Na maharage! Vikombe viwili, maharage matano kwenye kikombe cha kushoto. Akipiga kipande sawasawa anahamisha moja kwenda kulia. Yakiisha, mazoezi ya kipande hicho yameisha. Mtoto anaona kwa macho yake kazi imebaki kiasi gani. "Dakika kumi" kwake ni maneno tu.

[19:44] Baba Upendo: Akikosea yote yanarudi kushoto?

[19:49] Mwalimu: Hapana Baba Upendo. Mchezo huo unawafaa wa miaka 11 na kuendelea. Mdogo akifika harage la nne anaanza kuogopa, mkono unakakamaa, na kosa linakuja kwa sababu ya hofu. Akikosea, harage linabaki lilipo. Basi.

Yakizoeleka maharage, tumieni dadu ya ludo. Kipande kilekile, dadu ndiyo inaamua namna ya kukipiga: 1 macho yamefumbwa, 2 sauti ndogo, 3 sauti kubwa, 4 mwendo wa kobe, 5 oktava ya juu (nota zilezile upande wa kulia, sauti nyembamba zaidi), 6 anachagua mwenyewe. Amerudia mara sita bila kuhisi amerudia. Ila angalieni kinanda chenu: vingine vya bei nafuu havihisi nguvu ya kidole, ukigusa au ukigonga sauti ni ileile. Kama ni hivyo, kwenye 2 na 3 ashushe au apandishe sauti kwa kitufe, la sivyo atagonga mpaka vidole viume.

[19:58] Shangazi Rehema: Mama Neema, kinanda kimekaa juu ya nini?

[19:59] Mama Neema: Meza ya kulia. Anakaa kiti cha kawaida.

[20:06] Shangazi Rehema: Mabega yanamuuma huyo. Meza nyingi za kulia zina kama sm 75, kinanda kinaongeza, na yeye ni mfupi. Kiwiko kinatakiwa kiwe usawa wa vibonyezo au juu kidogo. Kiti kipandishe kwa blanketi lililokunjwa kwa kukazwa. Mto laini unabonyea na anayumba. Halafu chini ya miguu weka kreti ya soda. Miguu ikining'inia mtoto anajishikilia kwa mabega, ndiyo maana wanachoka haraka. Vidole vijikunje kama ameshika chungwa dogo.

[20:08] Mwalimu: Sahihi kabisa. Na miezi ya sita na saba hapa kwetu, asubuhi vidole ni vya baridi na havisikii. Aloweke mikono kwenye bakuli la maji ya vuguvugu dakika 2, aifute ikauke kabisa, ndipo aguse kinanda.

[20:13] Mama Neema: Ndaga fijo, asanteni sana. Mimi mwenyewe sijui kinanda hata kidogo. Nitakaa naye vipi?

[20:24] Mwalimu: Kaa naye kwenye vibonyezo vyeusi tu. Vimepangwa kwa makundi, mawili, matatu, mawili, matatu. Wewe kaa upande wa kushoto, kwenye sauti nzito. Tafuta kundi la vitatu, ushike cheusi cha kwanza kushoto. Kundi linalofuata kulia ni la viwili, ushike nacho cha kwanza kushoto. Hizo ndizo nota zako mbili. Hesabu 1-2-3-4 taratibu: nota ya chini kwenye 1, ya juu kwenye 3. Usibadilishe kitu.

Neema akae kulia kwako, apige vyeusi vyovyote anavyotaka, mradi afuate hesabu yako. Hakuna nota itakayogombana na nyingine, kwa sababu kati ya vyeusi vyote hakuna viwili vilivyoachana kwa nusu hatua tu (yaani kibonyezo na jirani yake wa karibu kabisa), na nusu hatua ndiyo inayokwaruza sikio. Huu ndio muziki wake wa kwanza wa kutunga. Dakika 3 za mwisho kila jioni ziwe za hivi, hata kama siku ilikuwa mbaya. Ainuke akiwa bado anataka.

[20:29] Baba Upendo: Nimeona watu wanabandika herufi kwenye kila kibonyezo. Inasaidia?

[20:35] Mwalimu: Inasaidia wiki moja, halafu inaharibu. Mtoto anasoma stika badala ya kuangalia makundi ya vyeusi. Weka alama moja tu, kwenye C ya katikati (nota ya C iliyo karibu na katikati ya kinanda), na uitoe baada ya mwezi. C zote ni kibonyezo cheupe kilicho kushoto tu kwa kundi la vyeusi viwili. Akishika hilo anazipata zote bila stika.

Jambo jingine, midundo iliyomo ndani ya kinanda msiiwashe mapema. Mdundo haumsubiri mtoto anayetafuta nota, anaishia kuukimbiza. Mpigieni makofi nyinyi, nyinyi mnaweza kusubiri.

[20:38] Shangazi Rehema: Kama kinanda huwa kinaazimwa kanisani, hakikisha kioo cha transpozi (kinachopandisha au kushusha nota zote kwa pamoja) kinasoma 0. Kikiachwa +2, anabonyeza C inalia D, na mwenye sikio zuri anachanganyikiwa bila kujua kwa nini.

[20:41] Bibi Tumaini: Kila kipande akiimbe kwa do re mi kabla ya kukipiga. Kisichoimbika hakijaingia kichwani.

[20:44] Baba Upendo: Umeme ukikatika je?

[20:47] Mwalimu: Kama kinatumia betri, weka za aina moja zote na mpya zote. Kama hakitumii, apige vidole juu ya meza huku akiimba. Dakika 5 hizo nazo ni mazoezi. Umeme ukirudi subiri utulie ndipo uchomeke adapta.

[20:50] Mama Neema: Kesho asubuhi nianze na lipi?

[20:52] Mwalimu: Kreti na blanketi kwanza. Halafu kipande cha 6, mkono wa kulia, maharage matatu tu badala ya matano.

[20:53] Mama Neema: Maharage yapo, kreti nachukua dukani sasa hivi.