Mnaowauzia vijana wa Dodoma "kazi tamu" ya kupima sarafu, sasa mmevuka mpaka

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira na sina mpango wa kuificha. Mods, naombeni msiuunganishe uzi huu na zile nyuzi za "nauza rupia ya Mjerumani", yaani sarafu za fedha za enzi ya ukoloni wa Wajerumani, maana hizo ni sehemu ya tatizo lenyewe.

Kuna watu wamekodi ukumbi hapa mjini, wanafundisha kitu wanachokiita kozi ya kupima madaraja ya sarafu. Ada laki tatu na nusu, unalipa kwa simu, risiti hakuna. Matangazo yao yanazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya wanachuo na ya bodaboda: kazi ya kukaa kwenye kiyoyozi, unaangalia pesa za kale, unalipwa kwa dola, tena unaifanya ukiwa chumbani kwako Nkuhungu. Kazi tamu, wanasema. Kazi ya starehe. Mtoto wa dada yangu amelipa, na hela aliyolipia ni ya alizeti ya mama yake kule Kongwa. Majina sitayataja hapa, yatatajwa panapohusika.

Mimi ni sonara. Fedha na dhahabu nimezishika tangu nikiwa mdogo, na sarafu za zamani nazikusanya kwa mapenzi tu, sijawahi kuuza hata moja. Kwa hiyo hili la "kazi tamu" nina la kusema.

Kazi yenyewe ipo, haijabuniwa. Marekani kuna kampuni mbili kubwa: PCGS iliyoanza mwaka 1986 na NGC iliyofuata mwaka 1987. Unawatumia sarafu, wanaikagua kama ni halali au ya kughushi, wanaipa daraja kati ya 1 na 70, halafu wanaifungia kwenye kasha gumu la plastiki lenye namba yake. Daraja la 1 ni sarafu iliyolika hadi kuitambua ni shida. Kuanzia 60 kwenda juu ni ile ambayo haijazunguka mikononi mwa watu. 70 haina dosari hata ukiikuza mara tano. Kati ya 64 na 65 macho ya mtu wa kawaida hayaoni chochote, lakini bei inaweza kuruka mara kadhaa. Kazi ndiyo hiyo: useme 64 au 65, uwe sahihi, na ukiletewa sarafu ileile mwezi ujao bila kujua ni ileile, utoe namba ileile.

Sasa fikirieni siku ya huyo mtu. Chumba kina mwanga hafifu, taa moja mezani, lenzi pembeni. Sarafu zinaletwa kwenye trei. Hajui ni za nani na haruhusiwi kujua. Anaishika ukingoni, anaiinamisha chini ya taa, anageuza, anatoa namba, anachukua nyingine. Ni sekunde chache tu kwa kila moja. Mwenzake naye anaipima, na kuna mkubwa wao wa kutoa neno la mwisho. Na msidhani kila trei ina hazina. Nyingi ni sarafu za kisasa, kwa mfano zile Silver Eagle za wakia moja ambazo Marekani inazitoa kila mwaka tangu 1986, zimetoka kiwandani zinafanana zote, mamia kwa mamia, na wewe unatafuta alama moja ambayo haionekani mpaka mwanga uiangukie kwa pembe fulani. Asubuhi mpaka jioni. Nani aliwaambia vijana kwamba hiyo ni starehe? Na nani aliwaambia inafanyika chumbani kwako? Sarafu za watu zenye thamani kubwa zinakaguliwa ndani ya majengo yenye ulinzi. Wanaoajiriwa ni watu waliokwisha kushika sarafu miaka na miaka, cheti cha wikiendi hakimfikishi mtu hata getini.

Jambo jingine matangazo yanalificha: NGC inawakataza wapimaji wake kununua na kuuza sarafu kibiashara. Sababu ipo. Hicho kipimo cha 1 hadi 70 kilitoka kwa Mmarekani mmoja, William Sheldon, kwenye kitabu chake cha mwaka 1949 kuhusu senti kubwa za shaba za kwao. Senti ya 1794 iliyochakaa kabisa aliihesabia dola 1, iliyo bora kabisa dola 70. Mtu huyohuyo ikaja kugundulika kwamba alichukua senti nzuri za American Numismatic Society, jumuiya ya wataalamu wa sarafu ya New York, na kuweka zake duni mahali pake. Aliyetunga kipimo aliwaibia wenye ghala! Ndiyo maana mpimaji wa kweli anafungwa mikono. Hawa wa kwetu wanamfundisha kijana awe mpimaji, dalali na mnunuzi kwa mpigo. Yaani anayemwambia bibi wa Bahi kwamba rupia yake haina maana ndiye huyohuyo anayetoa elfu ishirini kuichukua. Huo ni wizi, na wanaufundisha kwa projekta.

Lakini kilichonichoma zaidi ni hiki. Kijana wetu ana rupia ya mwaka 1904, aliachiwa na babu yake mzaa baba, mzee wa Mpwapwa. Mnaoijua mnaijua: gramu 11.66, fedha karibu tupu, upande mmoja Kaisari Wilhelm II na kofia yake ya chuma iliyokaliwa na tai, upande wa pili DEUTSCH OSTAFRIKA na 1 RUPIE. Hiyo sarafu niliwahi kuishika zamani, mzee akiwa hai. Ilikuwa ya kijivu, weusi mzito umekaa ndani ya herufi, na chini ya kidevu cha Kaisari, mahali ambapo vidole havifiki, mng'ao wa kiwandani ulikuwa bado upo. Ukiiinamisha kwenye taa unaona miale inazunguka kama spoku za baiskeli. Mng'ao ule ni mistari midogo mno ambayo chuma kinaiacha kinapotiririka chini ya pigo la chapa. Ukiuondoa haurudi. Mimi sonara siwezi kuurudisha, na kiwanda kilichoipiga Berlin kisingeweza pia.

Juzi ameniletea. "Mjomba, angalia sasa inavyowaka." Nyeupe pee! Wamewafundisha kusugua kwa limau, majivu na dawa ya meno, wakawaambia Mjerumani akiwaka ndiyo hela. Niliiweka chini ya lenzi nikaona mikwaruzo inakwenda upande mmoja, kuanzia shavuni mwa Kaisari hadi kwenye masharubu, na kwenye kona za herufi kuna unga mweupe wa dawa ya meno umekaukia humo. Ule mng'ao wa chini ya kidevu umekwenda. Sarafu iliyovuka vita mbili za dunia ikiwa kwenye kitambaa cha mzee mmoja, imemalizwa kwa mswaki.

Na sikilizeni: kampuni zile zikipokea sarafu ya namna hiyo hazipi namba. Wanaandika kwamba imesafishwa, basi, na bei inaanguka. Hilo ndilo somo la kwanza la kazi hii. La kwanza kabisa! Mtu asiyelijua anapata wapi ujasiri wa kusimama mbele ya vijana akajiita mkufunzi? Nimeyaona makaratasi waliyogawa. Picha za madaraja ni zilezile ambazo PCGS imeziweka bure kwenye tovuti yake, wanaziita Photograde, tena ni za sarafu za Marekani. Za kwetu hakuna hata moja. Kurasa za nyuma wamejaza habari za rupia inayovuta punje za mchele na mnunuzi Mwarabu anayeisubiri kwa mamilioni. Fedha haivuti mchele. Na rupia za kawaida za Mjerumani zilipigwa malaki kwa malaki, bei zake kwenye minada ya nje ziko wazi kwa kila mwenye bando.

Kinachouma ni kwamba sarafu za kusomea zipo, na ni za huku kwetu katikati ya nchi. Mwaka 1916, Waingereza wameziba bahari, Wajerumani wakaishiwa sarafu, wakaanza kuzipiga wenyewe kwenye karakana ya reli Tabora, reli hiihii ya kati inayopita Dodoma. Dhahabu ilitoka Sekenke, Iramba, Singida ya leo. Wakatoa rupia 15 yenye tembo aliyeinua mkonga na mlima nyuma yake. Zilipigwa 16,198 tu. Leo inatafutwa dunia nzima, na kuna vijana wa Kiomboi hawajawahi kusikia kwamba dhahabu ya nyumbani kwao ndiyo iliyoibeba.

Hizo za dhahabu tuwaachie wenye uwezo. Shule yenyewe ni heller 20 za Tabora (heller ni sarafu ndogo ya Mjerumani, chini ya rupia), za shaba, zenye herufi T. Zilipigwa haraka haraka kwa mashine za kuungaunga, kwa hiyo hazilingani. Zipo zenye taji kubwa na zenye taji dogo. Zipo ambazo ncha za herufi L zimepinda na ambazo zimechongoka. Na kuna ambazo taji limelala, halionekani vizuri. Hapo ndipo mpimaji anapojulikana. Je, taji limelikia mifukoni mwa watu, au halikuwahi kusimama kwa sababu pigo lilikuwa dhaifu? Unaangalia ile sehemu bapa. Ikiwa laini na inateleza kwenye mwanga, imelika. Ikiwa bado ina ukwaruukwaru wa kile kibati cha awali kabla hakijapigwa, na mng'ao umebaki, basi haikuchakaa, ilizaliwa hivyo. Daraja linabadilika kabisa. Mimi kwa heller moja ya hivyo naweza kukaa jioni nzima na chai ikapoa.

Na ndiyo maana nasema hivi kuhusu utamu. Mpimaji wa kweli hapewi jioni nzima. Anapewa sekunde, halafu trei inaondoka. Sarafu nzuri kuliko zote atakazoziona maishani zitapita mikononi mwake na hatazinunua, hatakuwa na muda wa kuuliza zilitoka wapi, na mwenyewe hatamjua. Kwa mtu anayezipenda sarafu kwa sababu ya watu waliozishika, hiyo ni adhabu. Mimi nisingeifurahia, nasema wazi. Anayeifurahia ni mtu wa namna nyingine: yule ambaye kuwa sahihi kunamtosha, hata kama hakuna anayemwona, hata kama ni sarafu ya mia tatu kwa siku hiyo na mgongo unauma. Watu hao wapo na nawaheshimu sana. Lakini usimwambie mtu hivyo ni starehe ili umchukulie laki tatu na nusu.

Unataka kujua kama wewe ni mmoja wao? Usilipe mtu. Mwombe konda wa daladala pale Sabasaba akuvunjie noti ya elfu kumi kwa sarafu za mia mbili, zile za Karume na simba. Zitakuwa hamsini. Zipange kuanzia iliyolika kuliko zote hadi iliyo mpya, bila kuangalia mwaka. Angalia shavu la Karume, angalia manyoya ya simba, angalia ukingo. Piga picha. Zichanganye, kesho yake zipange tena, ulinganishe na picha. Kama mipangilio inakaribiana na moyoni ulitaka kuendelea, una macho na una subira. Kama ulichoka kabla ya kufika ishirini, kazi hii haikufai, na umelijua hilo kwa hela ambayo bado unaweza kununulia mchele.

HARIRI: Nimesoma majibu. Mkuu uliyeandika "vijana hawana ajira, waache wajaribu bahati", nakujibu kwa heshima. Kijana asiye na ajira ndiye wa kulindwa kuliko wote, kwa sababu laki tatu na nusu kwake ni mtaji wa genge zima pale Majengo. Angeambiwa ukweli akaamua kujaribu, nisingesema neno. Ameuziwa uongo, na wamemharibia kitu pekee alichoachiwa na babu yake.

Dada uliyeuliza kuhusu sarafu zenye tundu za bibi yako: hizo ni za Afrika Mashariki za wakati wa Mwingereza, nyingi ni za kawaida, ila usizioshe wala kuzifuta hata kwa kitambaa. Weka kila moja kwenye bahasha yake ya karatasi kavu, shika ukingoni. Ukija mjini niletee nikutazamie, silipishi na sinunui.

Wenzetu mliolipa kwenye ukumbi ule, msifute ujumbe wa muamala kwenye simu. Kijana wetu ameshaandikisha maelezo polisi, na wameomba walalamikaji zaidi ili jalada lisonge. Njooni PM tujipange twende pamoja wiki hii, kabla hawajahamia Singida, maana tangazo la Singida tayari nimeliona.