Mrejesho: Mtoto aliyekuwa anagoma kumeza vidonge

Niliuliza namna ya kumfundisha mtoto wa miaka 8 kumeza dawa bila kuitema. Asanteni sana nyote mliojibu.

Kilichosaidia ni kuanza na vile vipipi vidogo kabisa vya kupambia keki, kisha kuongeza ukubwa taratibu, mtoto akiwa ameketi wima na mtu mzima yupo pembeni. Kwanza anapiga funda la maji mdomo ulowe, anaweka kidonge katikati ya ulimi, halafu anakunywa mafunda makubwa. Ukubwa ukimshinda, mrudishe hatua moja bila kumlazimisha, maana hofu hukaza koo.

Kapsuli ndiyo iliyosumbua. Ni nyepesi, huelea, kwa hiyo akirudisha kichwa nyuma inakimbilia kwenye meno. Uliyeshauri ainamishe kidevu kifuani anapomeza, ubarikiwe sana, ilishuka. Kidonge cha kawaida huzama, kichwa kibaki sawa tu.

Mtindi haukufaa: anautafuna pamoja na kidonge, uchungu unatoka. Kusaga nako mfamasia amekataza kwa dawa zinazoachia taratibu, kwani dozi yote huingia mwilini kwa mpigo. Kapsuli kubwa bado zinamshinda, tunaendelea na ndogo.