Tupeane uzoefu: mlioacha sukari ili mpungue mwili, mlifanyaje?

Binti Kikwajuni

Assalamu alaykum ndugu zangu. Wengi tunasema tunataka kupungua, kisha tunaulizana dawa na maji ya hili na lile. Mie naomba leo tuzungumze sukari tu. Aliyeiacha au kuipunguza atueleze alivyofanya, kilichomshinda, na mizani ilisema nini. Nnaanza mwenyewe.

Mwaka jana nilikuwa na kilo 88. Nyumba yetu ni ya ghorofa, na nikifika juu na kapu la sokoni magoti yanauma mpaka nakaa kwenye ngazi ya mwisho. Siku moja mwanangu wa miaka sita alinipokea kapu, akaniambia, "Mama, kaa, nitalipandisha mie." Usiku ule nilichukua karatasi nikaandika kila ninachokunywa kutwa nzima.

Chai vikombe vinne, kila kimoja vijiko vitatu. Kijiko cha chai kisichojazwa kilima kina gramu 4 hivi za sukari, na kila gramu ni kalori 4. Vijiko 12 ni gramu 48, karibu kalori 190, na hapo bado sijagusa andazi. Kwa mwezi inapita kalori 5,700, na kilo moja ya mafuta ya mwilini huhesabiwa kama kalori 7,700. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, iwe chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa anayekula kalori 2,000 ni gramu 50, na ikishuka chini ya 25 ni bora zaidi. Mie chai peke yake ilishanifikisha ukingoni.

Tabu yangu haikuwa ulimi, ilikuwa sufuria. Kwetu chai hupikwa na sukari yake humo humo. Majani, iliki, tangawizi, sukari, vyote vinachemka pamoja, ikifika mkekani imeshakolea. Hapana cha kuulizwa unatia vijiko vingapi. Nikaomba nipikiwe yangu mbali. Mkwe wangu alininyamazia siku mbili, alidhani naukataa mkono wake. Nikaenda kukaa naye jikoni, nikamwonyesha magoti yalivyovimba, nikamweleza habari ya mtoto na lile kapu. Tangu hapo yeye mwenyewe ndiye anayenichotea kikombe changu kabla hajatia sukari ya wote.

Lakini sikuacha kwa siku moja. Wiki sita za mwanzo nilikuwa natia yangu kikombeni, kila wiki napunguza nusu kijiko. Mdalasini na mchaichai vilinisaidia sana, harufu yake inaufanya ulimi utulie. Miezi mitano, kilo 81. Na nisiwafiche, maandazi ya asubuhi nayo nimeyapa mgongo, nala muhogo wa kuchemsha na yai, na jioni natembea mpaka Maisara. Haya, nawasikiliza.

Mtu wa Michenzani

Dada, umenigusa. Mie maradhi yangu yalikuwa soda, mbili kwa siku dukani. Chupa moja ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko tisa. Niliziacha kwa mkupuo, nikajiona nimeshinda.

Sasa sikilizeni kosa langu. Mahali pa soda nikaweka juisi ya miwa. Kila jioni napita Forodhani, nakamuliwa glasi kubwa na ndimu na tangawizi, najiambia hii imetoka shambani, haina ubaya. Miezi mitatu mkanda uko tundu lile lile. Mwanangu wa skuli ndiye aliyeniuliza, "Baba, kwani sukari ya dukani inatoka wapi?" Nikakosa jibu. Muwa ukishakamuliwa na nyuzi zikatupwa, kilichobaki ni maji na sukari. Na juisi ya ukwaju na ya mabungo, kwa ule ukali wake, hainyweki mpaka imwagiwe sukari tele.

Sasa nakunywa maji, na siku ya joto kali dafu moja. Embe nalila kwa kisu, silisagi. Embe moja linanishibisha, na juisi ya maembe matatu naimaliza nimesimama. Tangu hapo nimeshuka kilo sita.

Kijana wa Nungwi

Wiki ya kwanza huenda kichwa kikawauma na mkawa wakali kwa watu. Mie ilikuwa siku nne, kisha ikapita. Msirudi nyuma kwa ajili ya hilo.

Mama Wawili, Wete

Mie nimekulia nyumba ya halua. Baba akipika uani, sufuria kubwa, sukari, wanga, samli, iliki na kungumanga, mwiko unazungushwa saa nyingi mpaka mikono inakufa ganzi. Sisi watoto tukingojea makombo ya sufuria. Kwa hiyo mnaposema sukari, mie nasikia harufu ya baba yangu, Mungu amrehemu. Kuiacha kulikuwa kama kuihama nyumba ile, wallahi nililia.

Baada ya uzazi wa pili nilifika kilo 94. Nilianza na vya nyumbani: visheti, kaimati, mkate wa kumimina. Sikuvifanya haramu, ila nimeacha kuviweka kabatini. Vikiwepo nitavila, najijua. Napika siku ya wageni, na vinavyobaki nawafungia waondoke navyo.

Kilichonichosha ni watu. Huku kwetu mwanamke akipungua anaulizwa anaumwa nini. Nilipofika 85, harusini wifi yangu alinishika mkono mbele za watu, "Shoga, umekwisha! Mumeo hakupi chakula?" Mwengine akaanza kunong'ona maradhi. Nilirudi nyumbani nikala maandazi matano kwa hasira. Mume wangu hakunilaumu. Kesho yake alikwenda kwa dada yake, akamwambia kwa upole kwamba mke wangu yu mzima na mimi ndiye niliyemtia moyo, basi tusaidieni. Maneno yakapoa. Dada zangu, kama mna mume au ndugu wa kuwasemea, mwombeni aseme. Usibebe peke yako.

Kwenye maulidi na khitma sikatai sahani, mwenye nyumba ataumia. Nachukua halua kipande kidogo kama ncha ya kidole gumba, nanywa na kahawa. Kahawa yetu ni chungu kwa asili yake, haitiwi kitu, na ule uchungu unautosheleza utamu mdogo. Wazee wetu waliipanga vizuri, sisi ndio tulioongeza vipande. Leo nina kilo 79.

Ami wa Mkoani

Nami niseme, maana si kila mtu alifanikiwa. Niliacha sukari kabisa miezi minne, chai kavu tupu, na sikupungua hata kilo moja. Nikaona watu wanatudanganya. Binti yangu akanikalisha, tukatazama sahani yangu. Kumbe kwa kuwa chai haikunishibisha, nilikuwa naongeza wali wa nazi, mchana na usiku, na chapati mbili za juu. Nilichokitoa kikombeni nilikirudisha sahanini. Nilipopunguza wali nikaongeza samaki na mchicha, ndipo mwili ukaanza kusikia. Msiitazame sukari peke yake, wanangu.

Mtu wa Jang'ombe

Ndugu zangu, naomba mnisome kwa makini hapa. Baba yangu ana kisukari, anatumia sindano ya insulini. Alisikia habari kama hizi akaamua kuacha sukari, na wali pia, ghafla, bila kumwambia yeyote, huku dozi ni ile ile. Siku ya tatu alfajiri tulimkuta anatetemeka, nguo zimelowa jasho, anamwita mama kwa jina la shangazi. Sukari ilikuwa imeshuka mno. Mama alimnywesha maji ya sukari kidogo kidogo maana alikuwa bado anaweza kumeza, akarejea, tukamkimbiza hospitali.

Mwenye kisukari anayetumia insulini, na baadhi ya vidonge pia, asibadilishe chakula mpaka daktari wake ajue, kwa sababu dozi nayo huenda ikahitaji kupunguzwa. Baba sasa anakula kwa mpangilio, amepungua na anaendelea vizuri. Lakini asubuhi ile sitaisahau.

Mgeni wa Chwaka

Ahsanteni nyote. Mie ndiyo kwanza naanza. Naogopa Ramadhani. Kwetu futari bila uji wa sukari na tambi haijawa futari. Mnafanyaje?

Binti Kikwajuni

Mtu wa Jang'ombe, Mungu amzidishie baba afya. Ningekuwa na uwezo ningeyaweka maneno yako juu kabisa.

Mgeni wa Chwaka, Ramadhani iliyopita nilifungua kwa tende tatu na maji. Tende nayo zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari, basi nilizihesabu, sikukaa na sahani mapajani. Uji nilipika wa pilipili manga, tui jepesi, chumvi kidogo, sukari hamna. Siku mbili za mwanzo watoto waliulalamikia, ya tatu mkwe wangu akaomba aongezwe bakuli. Tambi nilipika siku za Ijumaa tu. Kisha muhogo, samaki, na baada ya tarawehe chai yangu ya mdalasini.

Kinachonishinda mpaka leo ni Sikukuu yenyewe, siku ile ya kwanza, nyumba kumi na kila nyumba sinia lake. Mama Wawili, nyumba ya kumi unafikaje na ncha ya kidole?