Nani alishakodi boti ya kujiendeshea bila leseni? Tunaenda Ufaransa na watoto na bibi yao

Kutoka: Mama Mapacha, Ntinda

Ndugu zangu habari za huko mliko, wakubwa wote shikamooni. Naomba mnisaidie mawazo maana hapa nyumbani tumegawanyika. Wifi yangu anaishi Toulouse, katualika Agosti tukakae kwake wiki mbili, sasa mume wangu kaona kwenye intaneti kuna boti za kukodi zina vitanda na jiko na choo humohumo, unaendesha mwenyewe kwenye mfereji unaitwa Canal du Midi, usiku mnafunga kando mnalala, na eti hazitaki leseni. Mimi ni mtu wa Mwanza, maji nimekua nayaona, ila usukani wa boti sijawahi kuushika na yeye pia hajawahi, anachojua ni kuendesha gari hapa Kampala basi. Mapacha wana miaka saba na hawatulii.

Halafu mama mkwe anakuja pamoja nasi kutoka Bukoba. Tangu tarehe 21 Mei 1996 mama hajapanda chombo chochote cha majini, kaka yake alikuwa ndani ya meli ya MV Bukoba ilipozama. Akija Mwanza anazunguka na basi. Hatujamwambia bado kuhusu boti na mimi sitaki aambiwe tukishafika kule, naona si heshima.

Kwa hiyo naomba kujua, kisheria ni kweli inaruhusiwa? Mtu ambaye hajawahi anaweza? Na hela za dhamana zikoje, kuna mtu kaniambia wanakamata hela nyingi kwenye kadi.

Kutoka: Baba Mwali, Bugolobi

Shemeji habari, mimi nilienda hukohuko miaka miwili iliyopita na mke wangu na binti yetu, siku saba, kwa hiyo nakuambia nilichokiona.

Sheria ipo hivi. Ufaransa kwenye mito na mifereji, boti ya injini isiyozidi nguvu farasi 6 haihitaji cheti chochote, ikizidi hapo inahitaji. Hizi boti za kulala injini yake ni kubwa kuliko hiyo, ila zimewekewa utaratibu wake, mwenye boti anakufundisha palepale gatini, nadharia kidogo na vitendo, halafu anakuandikia kadi ya muda inayoitwa carte de plaisance, inatumika kwa siku ulizokodi tu na kwa njia zile tu zilizoandikwa. Kwa hiyo si kwamba hamna sheria, ni kwamba somo linatolewa siku unayochukua boti, na ndo maana nakwambia hilo somo msilikimbize. Sisi tulifika jioni tumechoka, jamaa wa pale naye alitaka kwenda nyumbani, akatuonyesha gia na swichi za taa na choo kwa dakika chache akatupa kadi, hakuna aliyetushikisha kamba wala kutupitisha hata kwenye lango moja la maji. Kesho yake asubuhi tukagonga ukuta, na ule mkwaruzo tulikuja kuulipa kwenye dhamana. Ningerudi leo ningesema sisaini mpaka utoke nami nigeuze boti mara mbili na nifunge kamba ukiwa unaniangalia. Shemeji sema hivyo, usione haya, hela umetoa.

Kuendesha kwenyewe si kugumu kwa sababu mwendo ni mdogo mno, kwenye mfereji mwisho ni kilomita 8 kwa saa, mtu anayekimbia mazoezi anawapita. Kinachosumbua ni kwamba boti haina breki, unarudisha gia nyuma ndo inapunguza mwendo, na usukani ukiuzungusha boti inakaa kimya kwanza halafu inageuka yote kwa mkupuo, we ukidhani haijasikia unazidisha, basi siku ya kwanza mnaenda kushoto kulia kushoto kulia. Waliowahi kupiga kasia mtumbwi wa gogo kule ziwa Bunyonyi wanajua, mgeni anazunguka palepale na watoto wa Kabale wanapita wamenyooka. Dawa yake ni moja, geuza kidogo, subiri, rudisha.

Dhamana: mara nyingi unachagua, ama waizuie dhamana nzima kwenye kadi, ama ulipe kiasi kisichorudi halafu dhamana ishuke. Sisi tungelipa hicho kiasi tungepumua. Uliza mapema wanapokea kadi ya aina gani, maana kadi zetu za kutolea hela za benki za hapa sehemu nyingine wanazikataa kwa kuzuia dhamana, wanataka kadi ya mkopo, usije ukagundua hilo gatini na mabegi mkononi. Na mafuta uliza, wengi wanahesabu saa za injini mnaporudisha boti, kwa hiyo bei mliyoiona kwenye tangazo si ya mwisho.

Kutoka: Mzee wa Pangani, Entebbe

Mama Mapacha marahaba. Nimesoma, na habari ya kaka wa mama mkwe imenigusa, Mungu amrehemu.

Mimi nimefanya kazi ya majahazi na baadaye boti za injini miaka mingi, mfereji wa Ulaya sijaendesha ila mwanangu alinipandisha kwenye boti ya namna hiyo nilipomtembelea, nikakaa omo, yaani mbele ya boti, siku nne nikishika kamba, basi nitasema ya kamba. Hatari ya safari ile haiko kwenye kuzama. Iko kwenye malango ya maji. Lango ni kama birika kubwa la mawe, boti inaingia, milango inafungwa, maji yanaingizwa au yanatolewa mpaka boti ilingane na upande wa pili, ndo mnatoka. Sasa sikilizeni. Mkiwa ndani ya lango kamba haifungwi fundo. Inazungushwa kwenye nguzo ya juu, ncha unabaki nayo mkononi, maji yakishuka unaiachia taratibu, yakipanda unaivuta. Ukifunga fundo maji yakashuka, boti inaning'inia kwa kamba upande mmoja, na hapo ndo watu wanaanguka. Mkipanda maji yanaingia kwa nguvu yanachemka kama sufuria, mshika kamba wa omo awe mtu mzima, asiwe mtoto.

La pili, hakuna anayesukuma ukuta kwa mguu wala mkono. Boti ni tani kadhaa, hata ikienda polepole inavunja mfupa. Pembeni kuna maboya ya kuning'iniza, hayo ndo kazi yake kugonga, yaacheni yagonge.

La tatu watoto. Jaketi za kuokolea mwombe zenye kipimo cha miaka saba, na uziandike kwenye maombi ya kukodi, usiridhike na za wakubwa zilizokazwa, mtoto akianguka linampanda usoni. Wavae wakiwa juu ya boti muda wote, si kwenye malango tu. Chini ya madaraja wote wakae chini, madaraja ya kule ni ya mawe ya zamani, mengine yamekaa chini sana.

Kutoka: Baba Mwali, Bugolobi

Mzee asante, hilo la kamba ndo lilotupata sisi. Daraja la Capestang ndo la chini kuliko yote, tulishusha mpaka mwavuli na binti akalala kifudifudi.

Naongeza jambo shemeji, manake nimekaa nikamfikiria mama. Mfereji wote una kama kilomita 240 kutoka Toulouse mpaka bwawa la Thau karibu na bahari, na malango ni mengi, kuta zake zimepinda kama yai kwa sababu aliyejenga, Pierre-Paul Riquet, aliona kuta zilizonyooka zinasukumwa na udongo zinabomoka, kazi ilianza miaka ya 1660 ikafunguliwa 1681 na yeye alishafariki mwaka mmoja kabla. Mahali pazuri kwa kutazama ni Béziers, malango yamepangana kama ngazi mlimani boti zinashuka karibu mita 21, ila msiende kuendesha hapo, nendeni mkatazame kwa miguu. Nyie chukueni kipande cha katikati, kati ya Argens na hiyo ngazi ya Béziers kuna kilomita 54 hazina lango hata moja. Hata moja! Kuna kijiji cha Le Somail, kuna Capestang, kuna handaki la Malpas ambalo boti inapita chini ya kilima. Siku tatu nne mnakwenda na kurudi humohumo, mnakwepa malango yote. Mngeniuliza mimi kabla sijaenda ningechagua hapo badala ya kuanzia Castelnaudary tulikopangiwa.

Na kando ya mfereji kuna njia ya miguu, farasi walikuwa wanavuta mashua humo zamani. Boti inavyotembea polepole, mtu kwenye baiskeli anaenda nayo sambamba mnaongea. Mama si lazima apande. Wifi yako anaweza kuwa na gari, wakawa wanawakuta kijiji hiki na kile mnakula pamoja, usiku mama analala kwenye nyumba ya wageni kijijini.

Kutoka: Dada wa Jinja

Habari wapendwa. Mimi naongelea karatasi maana watu wanasahau mpaka Julai. Nyie wa Kampala mnaoishi hapa kihalali mnaomba viza ya Schengen, ndiyo ya kuingia Ufaransa, hapahapa Kampala, lakini mama mkwe anaishi Tanzania kwa hiyo ombi lake linaenda Dar, asije akapandishwa basi kuja huku bure. Tangu Juni 2024 ada ni yuro 90 mtu mzima, watoto wa miaka 6 mpaka 11 ni yuro 45. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, bima iwe ya angalau yuro 30,000. Na kwa kuwa mnafikia kwa mtu binafsi, wifi aende ofisi ya manispaa yake akaombe cheti cha mwenyeji, wanakiita attestation d'accueil, aombe kwa ajili yenu wote, hicho kinachelewa kwa hiyo aanze sasa. Siku za kwenye boti nazo zionekane, wekeni karatasi ya kukodi.

Bima someni ndani, nyingine zinalipia ukiwa abiria wa boti lakini ukiwa nahodha hazilipi. Mume wako ndo nahodha kwenye karatasi, kwa hiyo aulize kwa maandishi.

Na mtu asichukue sheria ya Ufaransa akaipeleka kwingine. Shemeji zangu walienda Ugiriki, kule baharini bila leseni ni mpaka nguvu farasi 30, Hispania ni 15 tu na boti isizidi mita 5, mchana tu, na usiende mbali na bandari au mahali pa kujikinga zaidi ya maili 2 za baharini. Italia ni kama 40. Bahari ni bahari, upepo ukigeuka hakuna ukingo wa kufunga kamba, mimi nisingepeleka watoto huko na nahodha wa siku moja.

Kutoka: Kijana wa Kabalagala

Wakubwa shikamooni, samahani naingilia, mbona hapahapa Uganda hatufanyi? Tuko wanne tunataka wikiendi ya ziwa Victoria, tukodi boti ya injini tuendeshe wenyewe mpaka visiwani.

Kutoka: Mzee wa Pangani, Entebbe

Mwanangu, hapana. Hapa boti ya injini unaikodi na nahodha wake, na ndivyo inavyotakiwa iwe. Nyie wa Kampala mnaikumbuka boti ya starehe iliyozama upande wa Mukono Novemba 24, 2018, watu walikuwa kwenye muziki, imejaa kupita kiasi, na wengi hawakuvaa jaketi. Serikali ikaja kutunga sheria ya usafiri wa majini mwaka 2021, chombo kisajiliwe na kikaguliwe. Kabla hujapanda omba kuona namba ya usajili na uhesabu jaketi na watu, zikipungua hata moja shuka. Asubuhi ziwa limelala, mchana upepo unaamka, mimi niko Entebbe nalitazama kila siku. Mkitaka kushika chombo wenyewe nendeni Bunyonyi mkapige kasia karibu na ukingo, mkivaa jaketi.

Kutoka: Mama Mapacha, Ntinda

Jamani nimechelewa kujibu, nisameheni. Nimeyachapisha yote haya nikampa mume wangu, kayasoma mara mbili, la kamba kalipigia mstari.

Jana nilimpigia mama Bukoba nikamweleza wazi. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekata. Halafu akauliza, huo mfereji una ukingo pande zote mbili? Nikasema ndio mama, na miti, na njia ya kupita kwa miguu. Akauliza ukingo uko mbali kiasi gani na boti. Nikamwambia ukinyoosha mti wa ufagio unaugusa wakati mwingine. Akasema yeye atatembea pembeni kwanza siku ya kwanza, tusimshawishi, atatuambia mwenyewe akitaka kupanda. Na akataka nimtumie picha ya jaketi watakalovaa wajukuu.

Kwa hiyo tumeamua kipande kile cha kilomita 54, siku nne, tunaanzia Le Somail. Wifi kakubali kuleta gari na kaenda manispaa leo. Wenye boti wamenijibu kuhusu jaketi za watoto, wanazo, kuhusu somo la kufunga kamba nimewaandikia tena maana hawakulijibu, sitatuma malipo ya kwanza mpaka walijibu.

Mzee, swali moja limebaki. Mapacha nataka wazoee jaketi kabla ya safari, waelee nalo kwenye bwawa la kuogelea. Pale Entebbe unajua mtu anayeuza au kuazimisha la kilo 20 na kitu? Jumamosi tunaweza kuja.

Kutoka: Mzee wa Pangani, Entebbe

Njooni Jumamosi saa 4 asubuhi. Ninazo mbili za wajukuu wangu, zina mkanda wa kupita katikati ya miguu, ndo aina inayotakiwa. Mume wako naye aje, nitaleta kamba na nguzo ipo hapa uani.