Gego la mtoto wa miaka 5 limetoboka: nitamjuaje daktari mzuri wa meno ya watoto, Arusha?

MamaNjiro: Wakuu, habari za leo. Binti yangu ana miaka 5, gego la mwisho la chini kulia lina tundu. Akila kitu kitamu au cha baridi analia, ila usiku analala vizuri. Zahanati moja walimulika tochi wakasema ling'olewe, ni la utotoni tu. Nataka daktari mwingine. Nimtambueje aliye mzuri?

GegoLaSita: Pole mama. Usikimbilie kung'oa. Gego hilo hutoka lenyewe kwenye miaka 10 hadi 12, na karibu na miaka 6 gego la kwanza la kudumu huota nyuma yake. Likikosa cha kuegemea linasogea mbele na kumzibia njia mwenzake wa ukubwani, ndipo meno yanapopandana.

Kulala vizuri ni dalili njema, kiini cha jino (sehemu laini ya ndani yenye neva) huenda bado ni kizima. Daktari anayejua kazi atakuuliza habari za usiku kabla hajashika kifaa. Kisha atahesabu meno yote 20, atakausha jino, atabonyeza fizi kutafuta usaha, halafu atapiga eksirei ndogo aone tundu limekikaribia kiini kiasi gani. Tochi haioni uozo uliojificha kati ya magego mawili.

Mkwawa_77: Ongezea cheti. Daktari wa meno ana shahada, tabibu wa meno ana stashahada. Wote wana kazi yao, lakini jino lililokaribia kiini mpelekee daktari, na akipatikana bingwa wa watoto ni bora zaidi. Omba kuona leseni ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Huo si utovu wa adabu, ni haki yako.

Fizi_Salama: Kabla ya kwenda piga simu, uliza kama wana krauni za chuma za watoto. Tundu lililokula ubavu wa gego likizibwa kwa saruji ya kawaida mara nyingi linafunguka tena, kwa sababu kuta zilizobaki ni nyembamba. Krauni inafunika jino zima. Kiini kikiwa kizima, inaweza kubandikwa bila sindano wala kukereza. Vimpira vidogo huwekwa kati ya meno siku chache kabla ili kupata nafasi.

Uliza pia, mtoto akigoma kufungua mdomo wanafanyaje? Wakijibu "tunamshika", tafuta kwingine. Kama si dharura, ziara ya kwanza iwe ya kuhesabu meno na kuzoea kiti, mzazi akiwa ndani, tena asubuhi mtoto akiwa hajachoka. Na nyumbani msimwambie "hutachomwa sindano". Akichomwa, hatamwamini daktari tena.

MamaNjiro: Asanteni sana. Na ikibidi ganzi?

GegoLaSita: Lazima apimwe uzito kwanza. Kwa lidokaini ya asilimia 2, kikomo ni miligramu 4.4 kwa kila kilo, na kichupa cha mililita 1.8 kina miligramu 36. Mtoto wa kilo 15 hafikishi hata vichupa viwili. Asiyeuliza uzito anakisia.

Midomo hubaki na ganzi saa 2 hadi 3. Asile mpaka iishe, na mkae naye, maana watoto hujitafuna mdomo wa chini bila kusikia maumivu na kesho yake unavimba.

Mkwawa_77: Ukiandikiwa antibayotiki peke yake, uliza sababu. Tundu lisilo na uvimbe haliponi kwa vidonge. Ila shavu likivimba pamoja na homa, au ashindwe kumeza, usisubiri miadi. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.