Mjadala: Nyumba za asili za Wamakonde ziwe kivutio cha utalii Mtwara, mnaonaje?

Wadau wa kusini hebu tuliongelee hili. Kuna wanaotaka zijengwe nyumba za Kimakonde za miti, udongo na paa la nyasi huku Newala au Tandahimba watalii waje kuziona, na kuna wanaosema huko ni kutudhalilisha, mtu kauza korosho zake kapiga bati leo unamwambia nyasi ndo utamaduni wake.

Mimi naunga mkono, ila sitaki vibanda vitupu na geti la kukatia tiketi. Maonyesho ya hivyo yapo Dar, Kijiji cha Makumbusho tangu 1966, nyumba za makabila kibao, sasa mtalii apande mpaka Newala kufuata nini? Alafu nyumba ya nyasi isiyokaliwa haidumu jamani, ule moshi wa jiko ndo unafukuza wadudu kwenye nyasi na fito, moto ukizimika tu mchwa na bungua wanaingia, masika yakija paa linavuja na ukuta unabanduka. Magofu ya Kilwa Kisiwani ni mawe, yaliingia urithi wa dunia 1981 na yapo, Boma la Mikindani walilojenga Wajerumani 1895 limekarabatiwa likawa hoteli. Ya udongo inataka mtu wa kuikandika na kuiezeka upya kila inapochoka, na wanaoijua kazi hiyo vizuri wengi ni wazee.

Kwa hiyo hela ianzie kwa hao mafundi, walipwe kufundisha vijana. Familia inayotaka ijenge pembeni ya nyumba yake ya bati, wapike humo, walale humo, mgeni akija anakuta watu wanaishi. Asiyetaka aachwe, wazee wetu walishahamishwa kwa amri enzi za Operesheni Vijiji miaka ya 70, hatutaki tena kupangiwa pa kulala.

Na ngoma yetu ya sindimba ichezwe uwanjani sawa, ila mambo ya ndani ya jando na unyago hayauzwi, hata aje na dola ngapi.

La mwisho ndo naona litatugombanisha. Kimila sisi ukoo unafuata kwa mama, na anayewasha huo moto unaolinda paa ni mama. Basi mgeni akilipa, hela apokee yeye mkononi, kamati ya kijiji ichukue ushuru wake kwa risiti. Wale mnaotaka hela yote ipitie kwenye kamati kwanza, njooni mtueleze kwa nini.